Tumaini la Wauguzi: Kutoka Yambuku hadi Butembo

Kila mwaka, tarehe 11 Februari, Kanisa linapoadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, sisi walei huenda hospitalini na sabuni, mchele na sala. Tukiisha kuwasalimu wagonjwa, huwageukia wauguzi na kuwaambia maneno tuliyoyazoea: jipeni moyo, Mungu yupo, mambo yatakuwa mazuri. Mwaka mmoja, katika kituo kidogo cha afya, mama mmoja muuguzi alitusikiliza kwa heshima, akatushukuru, kisha akauliza kama miongoni mwa zawadi zetu kulikuwa na glavu. Hazikuwamo. Tangu siku ile tumebaki tukijiuliza: tunapomwomba mtumishi wa afya awe na tumaini kazini, tunamwomba nini hasa? Nchi yetu imekwisha kulijibu swali hili kwa gharama kubwa, katika historia ya ugonjwa wa Ebola.

Tuanzie Yambuku, mwaka 1976. Hospitali ya misheni ile, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, iliendeshwa na masista kutoka Ubelgiji pamoja na wauguzi wa nchi. Watu walitembea safari ndefu kuifikia, kwa sababu dawa zilikuwapo na waliozitoa walijulikana kwa wema wao. Lakini kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji, ikamchoma mwingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo umaskini ulivyokuwa umewazoeza. Ugonjwa usiokuwa na jina ulipoingia, njia yake ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki, na milango ikafungwa kwa kukosa mikono ya kuhudumia.

Daktari kijana Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa huko kutoka Kinshasa, aliwachukua wagonjwa damu kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hazikuwapo. Aliokoka. Wengi waliofanya kama yeye hawakuokoka. Tusifanye kuokoka kwake kuwa fundisho kwamba ujasiri unatosha.

Miaka kumi na tisa ikapita. Mwaka 1995 ugonjwa uleule ukatokea Kikwit, katika jimbo la Bandundu la wakati ule. Mwezi wa Aprili mgonjwa mmoja, mtumishi wa maabara, alipasuliwa katika hospitali kuu kwa kudhaniwa kuwa na ugonjwa wa tumbo. Waliokuwa katika chumba cha upasuaji wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Miongoni mwao alikuwa Sista Floralba Rondi, wa shirika la Masista wa Maskini wa Bergamo, aliyekuwa amefika Kongo tangu mwaka 1952. Alifariki tarehe 25 Aprili. Wakamfuata Clarangela Ghilardi, Danielangela Sorti, Dinarosa Belleri, Annelvira Ossoli, na mwishoni Vitarosa Zorza, tarehe 28 Mei. Masista sita wa shirika moja walizikwa katika muda wa siku zisizofika arobaini. Annelvira na Vitarosa walikuwa wametoka Kinshasa kwa hiari yao, kwenda kuwauguza wenzao.

Kanisa linawakumbuka masista hao kwa haki. Lakini tusisahau kwamba walioanguka pamoja nao walikuwa wengi: waganga, wauguzi, wakunga, wafagiaji, wana wa Kikwit na vijiji vyake, wenye watoto nyumbani na mishahara isiyofika. Kati ya wagonjwa 315 waliohesabiwa, 80 walikuwa watumishi wa afya. Ni kama mgonjwa mmoja kati ya kila wanne. Wapo waliokimbia, na hatuna ruhusa ya kuwahukumu. Waliobaki waliingia wodini wakijua mwenzao wa jana alikuwa kitandani leo.

Ni nini kilichobadilisha mambo? Tangu mwezi wa Mei, ugonjwa ulipotambuliwa, yalianza kufika mavazi ya kujikinga, glavu, miwani, na mafundisho ya namna ya kuvitumia. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wakachukua kazi nzito ya kuzika. Maambukizi kati ya watumishi yakapungua sana. Hapo ndipo tunapoona kwamba matumaini ya wauguzi hayakurudi kwa sababu mtu aliwahimiza kutabasamu. Yalirudi kwa sababu mtu aliyeingia wodini asubuhi aliweza kuamini kuwa atatoka jioni akiwa mzima.

Jambo jingine lilifanyika Kikwit. Mwezi wa Juni waganga wa Kongo waliwaza kwamba damu ya mtu aliyepona huenda ikamsaidia anayeugua. Wagonjwa 8 waliongezewa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Wataalamu wengi walisita, wakisema kwamba idadi ni ndogo, na kwamba wakati huo huduma ilikuwa imeboreka. Walikuwa na sababu. Hata hivyo Muyembe na wenzake hawakuliacha wazo hilo. Miaka mingi baadaye, mtu aliyepona Kikwit alitoa damu yake, na kutoka humo watafiti wa Kongo, Marekani na nchi nyingine wakapata kingamwili iliyoitwa mAb114.

Twende sasa Kivu ya Kaskazini, ambako ndugu zetu wanasoma ukurasa huu kwa lugha yao wenyewe. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia eneo la Beni. Hadi kumalizika kwake, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Safari hii palikuwa na chanjo, na watumishi wa afya walikuwa kati ya watu wa kwanza kuipata. Dawa nne zilijaribiwa, na mwezi wa Agosti 2019 ilionekana kwamba mbili zinaokoa watu wengi zaidi. Mojawapo ilikuwa ile iliyozaliwa katika damu ya Kikwit. Huko Beni na Butembo, waliopona wakaajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa maana wao waliweza kuwabeba bila hofu. Watumishi walioambukizwa safari hii walikuwa kama watano katika kila wagonjwa mia.

Lakini hatari ilikuwa imebadilisha uso. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, Daktari Richard Mouzoko, mzaliwa wa Kameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Waganga wa mji wakaandamana wakidai usalama. Glavu haimkingi mtu na risasi, wala na uvumi unaosema kwamba muuguzi ndiye anayeleta ugonjwa. Uvumi huo ulipita pia vinywani mwa Wakristo, na huenda vinywani mwetu.

Wapendwa, tukiitazama njia hii ya zaidi ya miaka arobaini, tunaona kwamba tumaini kazini si tabia ambayo wengine wamezaliwa nayo na wengine wamenyimwa. Linajengwa. Linahitaji vifaa, maarifa, mshahara unaofika, mwenzako asiyekuacha peke yako zamu ya usiku, na kijiji kinachokuamini. Msamaria mwema mwenyewe hakumwachia majeruhi huruma tupu: alikuwa na mafuta, divai, punda na dinari mbili za kumlipa mwenye nyumba ya wageni.

Sehemu kubwa ya hospitali na vituo vya afya nchini mwetu ni mali ya Kanisa. Kwa hiyo deni hili hatuwezi kuitupia serikali peke yake. Tujiulize katika mkutano wetu ujao: muuguzi wa parokia yetu amelipwa mara ya mwisho lini? Ni nani kati yetu aliyekaa katika kamati ya afya ya eneo letu na kudai hesabu? Uvumi unapopita sokoni, tunanyamaza, au tunausahihisha?

Na tarehe 11 Februari ijayo, kabla ya kununua mchele, twende kwanza kwa mama yule tumwulize kinachopungua. Kisha, tukimwambia ajipe moyo, neno letu litakuwa na uzito mikononi mwake.