Match si swichi

Matatu ya 237 huenda Thika, 236 Juja, 145 Ruiru. Mwanafunzi wa programu katika vyuo vya huku Kenya akitakiwa kuandika kwa Python programu inayopokea namba ya ruti na kutaja mwisho wa safari, huenda akaanza na mlolongo wa masharti: if, kisha elif, elif nyingine, mpaka else. Itafanya kazi. Lakini kila sharti linarudia swali lile lile, na swali likiwa moja, kamusi inatosha: namba huku, kituo kule. Ruti mpya ikija, unaongeza mstari mmoja.

Mlolongo uwekwe akiba kwa maswali yanayotofautiana. Nauli ya jioni kwenda Ruiru hutegemea saa, mvua na foleni ya abiria. Hapo utaratibu wa masharti una uzito, kwa kuwa Python huyapima kutoka juu na kushika la kwanza lililo kweli.

Halafu kuna match. Pendekezo la kuipa Python kitu kama switch ya lugha ya C lilitolewa 2001, na jingine la Guido van Rossum mwenyewe, muundaji wa Python, 2006; yote mawili yalikataliwa. Toleo la 3.10, Oktoba 2021, ndilo lililoleta match na case, na watu wakaziita swichi. Nalipinga jina hilo. Swichi hutazama thamani. Match hutazama pia umbo la data. Chukua menyu ya USSD: chaguo za mteja huweza kufika zimeungana hivi, 1*2*500. Zikate penye nyota upate orodha, kisha case moja itasema: vitu vitatu, cha kwanza "1", cha pili "2", cha tatu kiite kiasi. Kupima na kutoa hufanyika pamoja. Ndiyo maana nasimama na istilahi ulinganishaji wa ruwaza.

Jina la swichi pia linapotosha. Aliyezoea C ataandika case RUIRU akidhani analinganisha na thamani aliyoihifadhi chini ya jina hilo. Python haifanyi hivyo: jina tupu hupokea chochote kinachokuja, na thamani ya zamani ya RUIRU inaweza kufutika. Case hiyo ikifuatwa na nyingine, programu itakataa kuanza. Ikiwa ya mwisho, itapita kimya na kila abiria ambaye case za juu hazikumshika atapelekwa Ruiru. Weka jina lenye nukta, Ruti.RUIRU, ndipo ulinganisho utakapofanyika.