Kiangazi cha Siku 100

Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1943, ndege za Uingereza ziliiteketeza Kassel, mji wa Ujerumani uliokuwa ukitengeneza vifaru vya vita. Watu wapatao 10,000 walikufa. Jumba la makumbusho la Fridericianum, lililofunguliwa kwa umma mwaka 1779, lilibaki kuta tupu.

Arnold Bode, mchoraji mzaliwa wa mji huo, alikuwa amepigwa marufuku na utawala wa Nazi. Mwaka 1955 Kassel ilipoandaa maonyesho ya taifa ya bustani, aliona mlango umefunguka: waliokuja kutazama maua wangeweza kutazama pia sanaa ambayo Wanazi waliitangaza kuwa potovu. Jumba lilikuwa bado halijamalizika kukarabatiwa. Bode hakusubiri. Matofali yakapakwa rangi nyeupe, mapazia ya plastiki yakatundikwa, na kazi za akina Picasso, Klee na Kandinsky zikaonekana humo gofuni. Walikuja watu kama 130,000. Kwangu, hakuna maonyesho ya karne ile yaliyofanywa kwa ujasiri zaidi.

Ndiyo yanayoitwa documenta. Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa siku 100 za kiangazi, na wapenzi wa sanaa hupanga likizo zao kwa kuyafuata. Mji mwingine wa Ujerumani, Münster, tangu 1977, huweka sanamu mitaani kila baada ya miaka kumi. Mwaka 2007 na 2017 miji hiyo miwili ilikutana na maonyesho ya Venice, yaliyoanza 1895, katika kiangazi kimoja. Kisha korona ikaisogeza Venice hadi 2022, na tangu hapo maonyesho yake ya sanaa yanaangukia miaka ya shufwa.

Kwa muda mrefu Mwafrika alikwenda Kassel kama mtazamaji tu, kama alikwenda. Mwaka 2002 documenta iliongozwa na Okwui Enwezor wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza. Mwaka 2022 vijana wa Wajukuu, kikundi cha sanaa kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, waliujenga mlango wa ukumbi mmoja kwa mabati yenye kutu, wakatunukiwa tuzo yenye jina la Bode.

Documenta ijayo itafunguliwa tarehe 12 Juni 2027 na kufungwa 19 Septemba, na Münster ni zamu yake mwaka huohuo. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwenye nia asingoje Mei.