Umri, rika na rikora: istilahi za kuzeeka na kurithi katika gemu za Zama za Kati

Gemu nyingi za vita humpa mchezaji askari asiyezeeka. Zile za mikakati zinazoigiza Zama za Kati zimefuata njia nyingine. Mtawala unayemwongoza huzaliwa, huoa, huota mvi, kisha hufa, nawe ukaendelea na mwanawe. Crusader Kings ya kampuni ya Paradox ya Stockholm, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2012 na la tatu mwaka 2020, imejengwa juu ya jambo hilo hasa: ukifa bila mrithi wa ukoo wako, mchezo umekwisha. Katika Bannerlord ya TaleWorlds ya Uturuki, kiongozi akifariki mchezaji hutakiwa kumchagua mrithi kutoka ndani ya ukoo.

Wanaohitaji istilahi za mambo haya kuliko wachezaji ni watunzi wa modi, yaani watu wanaofungua mafaili ya gemu na kuyaandika upya ili ifuate historia wanayoitaka. Mtunzi akibadilisha namba moja, ameamua watu wazeeke kwa kasi gani na kiti kimwendee nani. Kwa Kiswahili tumezoea kusema “umri” na “urithi” tukaridhika. Nayaangalia maneno hayo nikiwa upande wa Kehancha nchini Kenya, kwa Wakuria, kwa sababu huko yanaonekana wazi kuwa hayatoshi.

Chukua Medieval II: Total War ya mwaka 2006. Kampeni yake inaanza mwaka 1080 na kuishia 1530. Kila zamu inasogeza kalenda miaka 2, kwa hiyo zamu zote ni 225. Lakini mhusika haongezeki miaka 2 kwa zamu. Anaongezeka nusu mwaka tu. Jemadari aliyeanza na miaka 20 mwaka 1080, baada ya zamu 40 kalenda inasoma 1160 naye ana miaka 40. Waundaji walifanya hivyo makusudi, maana kama angezeeka kwa mwendo wa kalenda angekufa kabla hujalijua jina lake. Watunzi wa modi wengi hawakuipenda tofauti hiyo. Katika faili la kuanzishia kampeni kuna mstari wa kipimo cha wakati wenye namba 2.00, wakaifuta wakaandika 0.50. Saa mbili zikawa moja, na kampeni ikarefuka hadi zamu 900. Bannerlord ina tatizo la kinyume chake. Mwaka wake una siku 84, na mtoto huwa mtu mzima akifika miaka 18, yaani baada ya siku 1,512 za mchezo. Wengi huacha kucheza kabla mtoto huyo hajashika upanga, ndiyo maana zipo modi zinazoharakisha kuzeeka.

Hizo mbili ni saa za kalenda na mwili. Wakuria wana saa ya tatu, na ya nne.

Kijana wa Kikuria anapotoka jandoni huingia katika esaro, kundi la waliotahiriwa pamoja, lenye jina lake litakalowafuata mpaka uzeeni. Kiswahili kina neno la kundi hilo tangu zamani: rika. Ndani ya rika watu hutaniana, husaidiana na huambiana ukweli bila kuzunguka. Lakini juu ya esaro kuna mpango mwingine ambao hautazami umri hata kidogo, nao ni wa amakora (umoja: irikora). Amakora ni manane, yamegawanyika katika duru mbili za manne manne. Duru ya kwanza ina Abasae, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Ya pili ina Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Mtoto haingii katika kundi la baba yake, huingia katika lile linalofuata kwenye duru ileile. Mjukuu yuko hatua mbili mbele, kitukuu hatua tatu, na kilembwe anarudi kwenye jina la babu yule wa mwanzo.

Matokeo yake ni haya. Mzee mwenye wake kadhaa anaweza kupata mtoto wa mwisho wakati mtoto wake wa kwanza ana wajukuu. Ndugu hao wawili, mmoja mwenye mvi na mwingine anayenyonya, wako katika irikora moja. Wana wa yule mwenye mvi, hata wakiwa na ndevu, ni wa irikora inayofuata, na yule mtoto mchanga kwao ni baba. Kati ya kundi la baba na kundi la mwana kuna heshima na kujizuia. Kati ya babu na mjukuu kuna wepesi. Hakuna namba ya miaka itakayokuonyesha mambo hayo.

Majina yenyewe yamesafiri. Wakalenjin wana Maina, Chumo, Sawe na Nyongi miongoni mwa marika yao, na Wakikuyu walikuwa na vizazi vya Maina na Mwangi vilivyopokezana mamlaka katika sherehe ya ituika. Anayetunga modi ya eneo hili hapaswi kuyaweka majina hayo kama mapambo ya kabila moja.

Kuhusu istilahi, maoni yangu ni kwamba “umri” libaki kwa namba iliyo kwenye ukurasa wa mhusika, na “rika” litumike kwa esaro na mfano wake. Kwa irikora, “kizazi” halifai. Neno hilo limebeba mengi mno, kuanzia kizazi cha leo hadi kizazi cha mwanamke. Ningechukua “rikora” lenyewe, wingi “marikora”. Kulifupisha kuwa “kora” kungetuletea mkora wa mtaani. Kiswahili hakijaona haya kukopa kwa jirani: ikulu tumeipata kwa Wanyamwezi na ngeli kwa Wahaya.

Sasa urithi. Sheria ambayo wachezaji wa Crusader Kings huilalamikia kuliko zote ni ile inayogawa milki kati ya wana baba anapokufa. Pwani yetu iliipitia. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki baharini Oktoba 1856 akitoka Oman kurudi Zanzibar. Mwanawe Majid akashika Zanzibar, mwanawe mwingine Thuwaini akashika Muscat, na mwaka 1859 Barghash akamwasi ndugu yake Majid. Mwaka 1861 Waingereza waliamua milki ziwe mbili na Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Sheria hiyo ya kugawa milki naiita “mgawo wa mirathi”, na kila msomaji wa pwani ataielewa mara moja. Ile ya mtoto wa kwanza kuchukua yote ni “urithi wa kifungua mimba”. Mrithi akiwa mtoto, gemu humwekea msimamizi, kama Buganda ilivyofanya mwaka 1897 Daudi Chwa alipotawazwa akiwa na mwaka mmoja na kuwekewa wasimamizi watatu, Apolo Kagwa akiwa mmojawao.

Katika yote hayo kuna kiti kimoja na mtu mmoja anayekirithi. Wakuria hawakuwa na mfalme. Mambo mazito ya ukoo yalikuwa mikononi mwa inchama, baraza la wazee, na mtu hakuingia humo kwa sababu baba yake alikuwemo. Mwenzao akifa, waliobaki hawahamishi kiti kwa mwanawe. Kuita hilo “urithi” ni kuwapachika ufalme wasiokuwa nao. Naliita “upokezanaji”, na ningependa waandishi wa istilahi za gemu wayatenge maneno haya mawili: kurithi ni kwa nyumba, kupokezana ni kwa marika na marikora.

Je, modi inaweza kuubeba mpango huo? Sehemu yake, ndiyo. Katika Crusader Kings mtunzi anaweza kuandika tukio linaloamka mtoto anapozaliwa, likasoma sifa ya baba na kumpa mtoto sifa inayofuata katika duru: baba Msae, mtoto Munyambureti. Sifa nane na masharti manane, kazi imekwisha. Esaro nayo ni tukio la kila baada ya miaka kadhaa, linalowapa wavulana wa ukoo mmoja sifa yenye jina jipya. Kinachokwama ni baraza. Gemu inadai kila cheo kiwe na mwenyewe, na sheria iliyo karibu kabisa, ile ya kumpa mkubwa kwa umri ndani ya nyumba, bado inamtoa mtu mmoja, tena inamtafuta kwa miaka yake. Ingemkabidhi mamlaka mpwa mwenye ndevu na kumruka baba yake mdogo anayenyonya, kisha isiwe na mahali popote pa kuandika kwamba mwenye ndevu ndiye anayepaswa kumpisha mwenzake njiani.