Pingili za Muhogo na Mti Ulioachwa

Ukiomba mbegu ya muhogo Nansio, hutapewa punje. Utapewa kipande cha shina, kirefu kama shubiri, chenye macho kadhaa. Hiyo ndiyo pingili. Huku Ukerewe, kwenye ardhi finyu na watu wanaokula ugali wa muhogo, pingili hutoka shamba la shangazi kwenda la jirani, na nyingine huvuka maji kwa kivuko.

Pingili ni nakala. Muhogo utakaoota ni uleule uliokatwa: ladha yake, ukomavu wake, na ugonjwa wake pia.

Batobato iliandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani hujikunja na kutoka mabaka ya njano, mizizi ikadumaa. Nzi weupe huieneza kutoka shamba hadi shamba, lakini anayeifikisha mbali ni mkulima mwenyewe, kwa mzigo wake wa pingili.

Enzi hizohizo Wajerumani walipanda, hasa upande wa Tanga, ndugu wa muhogo kutoka Brazili, Manihot glaziovii, ili wageme utomvu wa mpira. Mwaka 1913 bei ilianguka, kwa kuwa mashamba ya Asia yalitoa mpira mwingi na wa bei nafuu. Mashamba yakaachwa, mti ukajiotea vichakani na kwenye nyua. Aliyeendelea kuujali ni mpishi. Majani yake ndiyo kisamvu cha mpira: yanatwangwa, yanachemshwa sana hadi sumu iishe, kisha yanaungwa kwa nazi au karanga. Anayetaka mti wake hukata tawi kwa jirani na kulichomeka ardhini.

Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, H. H. Storey na wenzake walianza kuuchanganya muhogo na ndugu zake wa porini, ukiwemo mti huo wa mpira. Machotara yalistahimili ugonjwa, ila mizizi yake haikufaa kuliwa. Wakayarudisha kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikanenepa. Kazi hiyo ilikoma miaka ya 1950, lakini uzao wake ulikuwa umefika Nigeria. Miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan waliutumia kuzalisha aina mpya.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, ikafyeka mashamba, kisha ikashuka hadi Kagera na Mwanza. Miongoni mwa aina zilizowarudisha wakulima wa Uganda shambani zilikuwamo zile za Ibadan. Damu ya mti ulioachwa Tanga ilifika Ziwa Victoria kwa kupitia Nigeria.

Vita havijaisha. Michirizi kahawia nayo imefika kanda ya ziwa, na hiyo huozesha mizizi hata pale shina linapoonekana zima. Kwa hiyo pingili huchaguliwa kabla ya panga: pita shambani majani yakiwa bado yapo, ufunge kamba kwenye mashina safi, na siku ya kuvuna uchunguze mizizi yake kabla hujamgawia jirani. Na ukikuta mti wa mpira uani kwa bibi, chuma kisamvu, lakini usiung'oe.