Mkengeuko wa Dhamira

Katika ofisi nyingi za mashirika utakuta maandishi ukutani: ruwaza juu, dhamira chini. Ruwaza ni kule shirika linakotaka kufika. Dhamira ni kazi lililoundwa kuifanya. Hutokea kazi hiyo ikabadilika polepole kwa kufuata fedha, na hakuna mkutano uliowahi kuamua ibadilike. Waingereza hulifananisha jambo hili na chombo kinachochukuliwa na mkondo. Kwa Kiswahili napendekeza mkengeuko wa dhamira.

Maneno mengine nimeyapima. Upotovu unahukumu tabia, na mara nyingi hapa hakuna mwovu. Kuyumba hakutoshi, maana kinachoyumba huenda kikatulia papo hapo. Chombo kikienda mrama, kila abiria anajua. Lakini mtu hukengeuka huku miguu ikiendelea kutembea, naye akidhani yumo njiani.

Tazama Kitengela, katika Kajiado nchini Kenya. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iliachwa bila ua upande wa kusini, ili nyumbu na pundamilia wavuke Mto Mbagathi kwenda malishoni kwenye mashamba ya Wamaasai. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba hayo dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wasizungushe ua, wasilime, wasichimbe mawe. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, kufuata mihula ya shule, yasaidie karo. Dhamira ilikuwa moja: ardhi ibaki wazi. Fedha zilitoka kwa wafadhili, baadaye hata Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia Benki ya Dunia. Fedha za mradi zina tarehe ya mwisho. Bei ya ploti Kitengela inazidi kupanda.

Sasa tuseme kwenye mpango kama huu anakuja mfadhili anayetaka taa za kumetameta bomani, kama zile alizobuni Richard Turere, kijana wa huko huko, kuwafukuza simba. Kuzipokea si kukengeuka. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wako salama huwavumilia wanyamapori shambani mwake. Mwingine anataka vijana wa mjini wafunzwe biashara ya mtandaoni. Ni jambo jema, ila maafisa waliokuwa wakipima ekari watahesabu vyeti, na hatabaki wa kuuliza seng'enge mpya imefika wapi.

Nanyi mnaoandika ripoti za miradi Kajiado, tangulizeni ekari zilizobaki wazi, ndipo mtaje idadi ya warsha.