Gulio Lipande Ghorofani

Siku ya mnada Mwandoya, wilayani Meatu, Usukumani, muuza mitumba hutandika turubai, akapanda juu ya stuli na kuanza kunadi. Huinua shati moja, hutaja bei, huishusha, huishusha tena, mpaka mkono mmoja ujitokeze katikati ya watu. Hatua chache kutoka hapo wamekaa akina mama wa michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mnada ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni kuita. Hapa sauti ndiyo biashara.

Kijana akirudi kutoka Mwanza husimulia Rock City Mall. Bibi yake akiuliza, "Mall ndiyo nini, mjukuu wangu?" hujibu, "Bibi, ni maduka mengi ndani ya ghorofa moja." Neno ambalo kila mara linahitaji mkalimani bado halijafika nyumbani.

Wapo wanaopendekeza "duka kuu" badala ya mall. Silikubali, maana duka lina mwenyewe mmoja, na jengo hili lina wenye maduka wengi. "Soko" lingefaa zaidi: Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina sehemu ya juu na lina shimoni, na hakuna aliyeacha kuliita soko.

Lakini moyo wangu uko kwa gulio. Kwa Kisukuma kugula ni kununua. Waganda nao husema vivyo hivyo. Gulio basi ni mahali pa kununulia, kama kimbilio lilivyo mahali pa kukimbilia. Bibi wa Mwandoya hahitaji kufafanuliwa. Wala neno la nyumbani haliogopi jengo jipya: Wajapani, pamoja na kuazima "depato" kutoka Kiingereza, wanalo pia neno hyakkaten, yaani duka la bidhaa mia, nao hulitumia kwa majengo marefu ya kisasa.

Nitaambiwa gulio ni la siku moja, chini ya mti, likavunjwa jioni. Ni kweli. Lakini tazameni ghorofa. Kwa Kiarabu ghurfa ni chumba tu. Kwetu kimekua kikawa tabaka zima la nyumba, na mitaani ghorofa ni jengo lenyewe. Kama chumba kiliweza kukua hivyo, gulio nalo linaweza kupanda ngazi.

Wenye kamusi, liandikeni: gulio la ghorofa.