Kiingereza cha Mlimani

Mwanafunzi anayeijua hoja yake lakini akanyamaza kwenye semina kwa kukosa Kiingereza, je, tumwite mjinga?

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi; sekondari na chuo kikuu kikabaki Kiingereza. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha kitengo cha stadi za mawasiliano, kuwanoa wanafunzi katika kusoma, kuandika na kujieleza kitaaluma. Hata hivyo, utafiti wa Criper na Dodd wa 1984 ulionyesha kuwa, kati ya wanachuo waliopimwa, wasiofika asilimia 20 ndio walioweza kusoma vitabu vyao kwa urahisi.

Mimi nami, stashahada mkononi, niliwahi kutetemeka nikihutubia kwa Kiingereza. Hoja nilikuwa nazo. Maneno sikuwa nayo. Kitengo kile kilijenga ukuta. Ufa ulianzia chini.